Feda moja kuongoza spika za kanisa zima: namna ya kuunganisha vidhibiti bila kuharibu vipimo

Kabla hujavuta waya hata mmoja kwenye skrini, chukua karatasi uandike spika zako ziko wapi na kila kundi linalia kwa kiasi gani. Mimi huandika nyuma ya kitabu cha risiti. Ukurasa wa kanisa moja la hapa Mwanga, Kigoma, unasomeka hivi: spika za mbele 0, za katikati chini kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), veranda chini kwa 9, chumba cha akina mama wenye watoto wachanga chini kwa 18. Namba hizo nilizipata kwa kutembea na kusikiliza siku mbili, kwaya ikifanya mazoezi. Ndizo mali ya mfumo ule kuliko amplifaya yoyote iliyofungwa pale, na kazi ya kila muunganisho utakaouweka ni kuzilinda.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuzipoteza. Mzee anayesimamia vyombo alikuwa ameniomba jambo la haki kabisa: “Fundi, mimi feda nne siziwezi. Nipe moja.” Feda ni kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, na kila kundi la spika lilikuwa na chake. Nikafungua Q-SYS Designer, programu ya kompyuta ya kupanga mfumo wa sauti, nikaitoa pini ya feda ya spika za mbele (pini ni mahali pa kushikia waya wa udhibiti kwenye skrini), nikaivutia kwenye pini za feda nyingine tatu. Kwenye kompyuta ilipendeza: unasogeza moja, zote zinafuata. Jumapili, ibada imejaa, mzee akaigusa feda yake kidogo tu, apandishe sauti ya mhubiri. Chumba cha watoto kikaruka kutoka chini kwa 18 hadi sawasawa na spika za mbele. Mlango wa chumba kile ukafunguka, akina mama wakatoka mmoja baada ya mwingine na watoto wanalia mgongoni. Veranda nayo ikaanza kupiga mluzi, maana maiki za kwaya ziko karibu na mlango wa upande huo. Nilikimbia nikazima amplifaya ya veranda kwa mkono.

Programu haikukosea. Ilifanya nilichoiambia: kuunganisha feda kwa feda maana yake ni kunakili kiwango. Ya kwanza ikiwa 0, zote ni 0. Nilichokihitaji mimi ni kitu kingine kabisa, yaani zote zipande na kushuka pamoja huku tofauti kati yao ikibaki vilevile.

Jibu lake halihitaji muunganisho wa pini. Ongeza boksi jingine la geini, yaani la kupandisha na kushusha sauti, kwenye njia ya sauti, liwe ndilo kiongozi. Desibeli hujumlishwa: kiongozi akishuka 4, mbele panakuwa chini kwa 4, katikati chini kwa 10, veranda 13, chumba cha watoto 22. Tofauti haijaguswa. Kama kanda zote, yaani yale makundi ya spika, zinapokea sauti ileile, liweke boksi hilo baada ya miksa, kabla njia hazijagawanyika. Kama kila kanda ina mchanganyiko wake, tumia boksi la geini la chaneli nyingi: njia nne zinapita ndani yake lakini kitasa ni kimoja. Zile feda nne za mwanzo ziache palepale na namba zake, kisha usizipeleke kwenye skrini ya mtumiaji. Ni za fundi.

Hapo tena upunguze urefu wa feda ya kiongozi. Geini kwa kawaida inaanzia -100 hadi +20, na mzee wa kanisa hana safari ya kwenda huko kote. Kwenye sifa za boksi nimeweka kiwango cha chini -20 na cha juu +3. Sasa mkono wake ukiteleza, hakuna anayeumia masikio.

Muunganisho wenyewe wa pini una mahali pake, usiuogope. Spika mbili pacha za veranda, kushoto na kulia, zinazotakiwa kuwa sawa siku zote, ndizo za kuunganishwa. Bofya boksi la kwanza, angalia sifa upande wa kulia, shuka hadi kwenye orodha ya pini za udhibiti, toa pini ya kidhibiti unachokitaka. Fanya hivyo kwenye boksi la pili, kisha vuta waya kutoka pini ya kutoka ya la kwanza hadi pini ya kuingia ya la pili. Kumbuka kwamba waya huo una mwelekeo. La kwanza linaongoza, la pili linafuata. Mtu akisogeza la pili kwa mkono, la kwanza halina habari, na litakapoguswa tena la pili litarukia huko ghafla. Kwa hiyo kidhibiti kinachofuata usikioneshe kwa mtumiaji.

Angalia pia mipaka ya pande zote mbili ifanane. Ukiunganisha vidhibiti kwa nafasi ya kitasa na si kwa desibeli, kitasa cha -100 hadi +20 kikiwa katikati kinasoma -40, na cha -40 hadi +10 kikiwa katikati kinasoma -15. Ukikisogeza kimoja, hicho kingine kimekuzidi kwa desibeli 25 na wewe unashangaa tatizo liko wapi.

Kuna jambo ambalo vijana wengi hulichanganya na hili. Ukitaka feda ileile ionekane kwenye skrini ya mimbarini na kwenye tableti ya mzee, huna haja ya waya wowote. Nakili kidhibiti kutoka kwenye boksi lake, kibandike kila skrini unayotaka. Hivyo si vidhibiti viwili, ni kimoja kinachotazamwa kwa madirisha mawili, na hakiwezi kutofautiana na chenyewe.

Kitufe cha kunyamazisha kinaonekana rahisi kwa kuwa kina hali mbili tu, lakini mtego ni uleule. Nilikuta mahali fulani kitufe kikuu kimeunganishwa na vitufe vinne vya kanda. Mama mmoja alikuwa amenyamazisha chumba cha watoto ili mtoto alale. Tangazo likaisha, kitufe kikuu kikafunguliwa, na chumba kikafunguka nacho. Nyamazisha kwenye boksi la kiongozi. Vitufe vya kanda viache vijitegemee, na uamuzi wa mama yule utaheshimiwa.

Ucheleweshaji, yaani kuisubirisha kidogo sauti ya spika za mbali ili ifike pamoja na ya mbele, usiuunganishe na chochote. Kila kanda ina umbali wake. Veranda yetu iko mita 14 nyuma ya spika za mbele, na kwa joto la mchana la Kigoma sauti inatembea karibu mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo inahitaji milisekunde 40 hivi. Namba hiyo inatokana na ukuta na futi ya kupimia, na kesho ukuta hautahama.

Ukimaliza, bonyeza F6 programu iigize mfumo bila kifaa. Sauti haitasikika, lakini vidhibiti vinafanya kazi, na hapo ndipo pa kukamata makosa. Soma karatasi yako, weka kila kanda kwenye namba yake, kisha msogeze kiongozi juu, chini, juu, na urudi kuzisoma zile namba nne. Hata moja ikibadilika, kuna waya umebaki mahali usipotakiwa. Namba zikitulia, ndipo ubonyeze F5 upeleke kwenye kifaa chenyewe, na uende siku isiyo na ibada. Simama chumba cha watoto kwanza, si mbele. Mwambie mwenzako asome Zaburi kwenye maiki huku mzee anasogeza feda yake mwenyewe, kwa kasi yake mwenyewe, maana mkono wa fundi una adabu ambayo mkono wa Jumapili hauna.

Faili lihifadhi kwa jina lenye tarehe, nakala moja kwako na nyingine kwenye flashi ofisini kwa kanisa, pamoja na ile karatasi ya namba.