Una wasiwasi na chanjo ya mwanao? Ipime hivi

Karibu kila siku ya kliniki hapa kwetu wilayani Muheza hakosi mama au baba wa kuniuliza, "Nesi, hizi sindano zote za nini? Na zina usalama kweli?" Swali hilo nalipenda. Mtoto ni wako, na una haki ya kujibiwa kabla hajafunuliwa paja. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza wazazi wapime wenyewe.

Kwanza, acha kusema "chanjo" kwa jumla, taja moja. Fungua kadi ya kliniki uisome. Akizaliwa, mtoto hupata BCG ya kifua kikuu kwenye bega la kulia, na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata pentavalenti, sindano moja inayokinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib waletao homa ya uti wa mgongo. Kwenye ziara hizohizo kuna sindano ya nimonia, na kwenye baadhi yake matone ya rota ya kuzuia kuhara. Miezi 9 na miezi 18 ni surua-rubela. Kila moja ina ugonjwa wake na maudhi yake. Mtu akikuambia chanjo zina madhara, mwulize: ipi, na madhara gani? Asipoweza kujibu, huna cha kupima hapo.

Pili, linganisha chanjo na ugonjwa wenyewe. Wazazi wengi huilinganisha na mtoto mzima anayecheza mbele yao, na hapo kila sindano itaonekana uonevu. Chukua surua. Pasipo na kinga, mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Surua huua kwa nimonia na kwa kuhara, na mtoto aliyepungukiwa vitamini A huweza kupofuka. Hata aliyepona, kinga yake ya maradhi mengine hubaki imedhoofika kwa muda mrefu. Sasa weka chanjo upande wa pili: homa kati ya siku ya 5 na ya 12, pengine vipele vichache. Degedege la homa humpata takribani mtoto mmoja katika 3,000 hadi 4,000, na mara nyingi hupita bila kuacha athari. Mzio mkali wa ghafla hutokea takribani mara moja katika dozi milioni. Tarakimu hizi siwafichi wazazi, maana anayefichwa kitu kidogo leo hatakuamini kesho kwa kitu kikubwa.

Tatu, uliza kama ugonjwa bado upo, kwa sababu haja ya chanjo hubadilika. Wazee wetu wengi wana kovu la chanjo ya ndui mkononi. Watoto wetu hawana, wala hatuwachanji tena. Mgonjwa wa mwisho kuipata ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na baadaye maishani akawa anazunguka kuhamasisha watu wachanje watoto dhidi ya polio. Ndui ilipokwisha duniani, chanjo yake haikuwa na kazi tena, ikaachwa.

Polio haijafika huko. Matone yake yana kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa nadra sana, mtoto mmoja katika zaidi ya milioni mbili wanaopewa dozi ya kwanza, huweza kumpoozesha mtoto. Marekani iliacha matone mwaka 2000 ikabaki na chanjo ya sindano peke yake. Kwa nini sisi bado tunayatoa? Kwa sababu matone hujenga kinga utumboni, mahali kirusi kinapozalia, na kirusi chenyewe huweza kurudi: Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto wa Lilongwe aliyepooza kwa polio ya asili, isiyotoka kwenye matone, na mwaka huo tukapita nyumba kwa nyumba. Ukiishi nchi inayopakana na Malawi, mizani yako si sawa na ya mzazi wa Marekani.

La nne ndilo ninalotaka ulishike zaidi, kwa sababu unaweza kulikagua kwa macho yako: namna chanjo inavyotunzwa. Mwaka 2017, Kapoeta huko Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kuchanjwa surua. Bomba moja la sindano la kuchanganyia chanjo lilitumika siku nne na chanjo hazikuwekwa kwenye baridi. Kilichowaua ni uzembe wa mikono. Kwa hiyo omba kuonyeshwa kichupa. Kwenye lebo au kifuniko utaona duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukiwa na rangi sawa na duara, au umekolea zaidi, haifai. Angalia bomba likifunguliwa mbele yako, moja kwa kila mtoto. BCG na surua-rubela huja kama unga, huchanganywa na maji yake maalumu, na kilichobaki hutupwa muda wa saa 6 ukipita tangu kuchanganywa. Uliza kimechanganywa saa ngapi. Nesi anayejua kazi yake hatakasirika. Mimi huwageuzia kichupa kabla hawajaomba.

Uvumi kwamba chanjo huleta ugumba nao huletwa sana. Jibu langu liko kwenye benchi letu: chanjo ya pepopunda tunawachoma wajawazito, na haohao ndio wanaorudi na mimba ya pili na ya tatu. Wengine huuliza kama chanjo huleta usonji (autism). Hofu hiyo ilitokana na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998, juu ya watoto 12. Jarida la kitabibu la Lancet, lililoichapisha, liliiondoa mwaka 2010, naye akafutiwa usajili wa udaktari. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha utafiti wa watoto zaidi ya 650,000, wasione uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji.

Kabla ya sindano, sema kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya chanjo, kama ana homa kali, au kama kuna maambukizi ya VVU, maana mtoto mwenye dalili za UKIMWI hapewi BCG. Mafua madogo si sababu ya kurudi nyumbani. Mtoto akishachanjwa, kaa nusu saa kliniki.

Nyumbani mnyonyeshe, mvalishe nguo nyepesi, na parasetamo mpe kwa uzito wake kama nesi alivyokuandikia. Usimkande paja kwa maji ya moto wala kupaka dawa. Kipele cha BCG hutokea baada ya wiki mbili hivi, hutunga usaha, hupasuka na kuacha kovu. Kiache wazi, kisafishe kwa maji tu. Akipata degedege, akilegea, akikataa kunyonya kabisa au akilia mfululizo zaidi ya saa tatu, mrudishe siku hiyohiyo na kadi yake, ili tumtibu na tukio liandikwe.

Na kama ulisitasita tarehe ikapita, njoo hivyohivyo. Hatuanzi upya. Aliyepata pentavalenti mbili anadaiwa moja, basi.