Kadi au mfukoni: kulipia ushauri nasaha ukiwa Tanga

Kazi yangu ni dirisha la bima katika hospitali moja hapa Tanga mjini. Swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote ni hili: "Dada, kumwona mtu wa saikolojia, kadi inalipa?" Inategemea anakuona nani, wapi, na umepitia mlango gani.

Mwenye kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, asitoke Chumbageni moja kwa moja hadi kwa mwanasaikolojia mwenye ofisi yake binafsi. Kadi hukubaliwa kwenye kituo chenye mkataba na mfuko tu. Anza na daktari wa kawaida, kituo kilicho karibu nawe, na umwambie ukweli: hulali, chakula hakipiti, unajifungia chumbani. Ukisema kichwa tu kinauma, utaondoka na panado. Akiona haja, atakuandikia rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa. Nenda na karatasi hiyo, kadi, na kitambulisho cha NIDA.

Dirishani, kabla hujaenda kukaa kwenye benchi, uliza: vikao vya mazungumzo vinalipiwa, au ni daktari na dawa tu? Halafu uliza: nikirudi wiki ijayo, rufaa hii bado inafaa? Wengi huishia kwenye swali la kwanza, na la pili ndilo linalowarudisha nyumbani, kwa kuwa ushauri nasaha ni wa kwenda na kurudi.

Fomu ya madai isome kabla ya kusaini, na isiyojazwa usiisaini kabisa. Sehemu ya ugonjwa inaweza kuwa na msimbo badala ya jina. F32, kwa mfano, ni sonona. Nimewahi kumwona mama akifunika mstari ule kwa ncha ya khanga asije akausoma wa nyuma yake. Sikumlaumu, foleni yetu ina masikio. Ila fomu yenyewe inakwenda kwa mfuko, haiendi kwa mwajiri, hata kama mwajiri ndiye anayepeleka makato yako. Na kabla hujatoa fedha kwa ajili ya mtoto, angalia kama yumo kwenye kadi yako: mchangiaji huandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne.

Bima za kampuni binafsi zina kikomo cha mwaka. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, uliza kikomo cha matibabu ya nje, yaani ya bila kulazwa, kimebaki kiasi gani, kama ushauri nasaha umo, na kama kibali kinatakiwa kwanza. Jina la aliyekujibu liandike.

Kwa fedha taslimu, kubalianeni mapema. Bei ni ya kikao au ya saa? Ukikosa kufika unalipa? Akikutajia elfu thelathini, kila wiki inakuwa laki na ishirini kwa wiki nne, kwa hiyo usione haya kusema, "Mimi naweza mara mbili kwa mwezi, tupangeje?" Mwenye kazi yake atakupangia. (Kwa mganga hatubishani bei, kuku mweupe ananunuliwa siku hiyohiyo, lakini hapa tunaona ni ghali.) Uliza pia kama anafanya kwa simu ya video, kama yuko Dar, umeokoa nauli ya basi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye tarehe, hasa kama kazini kwenu hurudishiwa gharama za matibabu.

Huna kadi, huna fedha? Katika hospitali ya serikali ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kwenda kwa mhasibu. Wao ndio wanaopima nani apewe msamaha. Watataka barua ya serikali ya mtaa wako, basi ipitie mapema, na ukiwa pale kwa mtendaji huna haja ya kueleza unaumwa nini. Sema "matibabu," inatosha.