Namna ya kuandaa mhadhara wa umma kuhusu sera za nchi

Mihadhara mingi ya umma kuhusu uchumi, tabianchi na huduma za jamii huharibika siku kichwa chake kinapoandikwa. "Changamoto za uchumi na mabadiliko ya tabianchi" haimlazimishi mtoa mada kujibu chochote, kwa hiyo atasema kila kitu kidogo kidogo na watu watarudi makwao vilevile walivyokuja. Andika swali. Liwe swali ambalo watu wawili makini wanaweza kulijibu tofauti, na ambalo kipo chombo chenye mamlaka ya kuliamua, iwe bunge, wizara au halmashauri.

Mfano mzuri ni huu: "Ruzuku ya mafuta ikiondolewa, nani abebe mzigo?" Hapo uchumi, tabianchi na ustawi wa jamii vinakutana bila kulazimishwa. Ruzuku inakula bajeti na inafanya mafuta yachomwe zaidi. Mwenye magari mengi anafaidi zaidi kwa kiasi cha fedha, lakini ikiondolewa ghafla, maskini ndiye anayebanwa kupitia nauli na bei ya chakula. Swali la aina hii lina historia pia, na historia humpa mtoa mada kitu cha kushika. Nigeria ilipoondoa ruzuku tarehe 1 Januari 2012, lita ya petroli ilipanda kutoka naira 65 hadi 141 hivi. Nchi ikasimama kwa migomo na bei ikashushwa hadi 97. Ekwado ilifuta ruzuku Oktoba 2019, ikaondoa amri hiyo mwezi uleule baada ya maandamano. Iran, Desemba 2010, ilianza kuweka fedha kwenye akaunti za kaya, ndipo ikapandisha bei. Baadaye mfumuko wa bei ulikula thamani ya fedha zile, na hilo nalo lisemwe, maana msikilizaji akiambiwa upande mzuri tu atajua.

Tarehe ichaguliwe kwa kuangalia kalenda ya maamuzi. Mhadhara kuhusu bajeti unafaa wakati kamati za bunge bado zinapokea maoni. Hotuba ya bajeti ikishasomwa, mengi yameshafungwa. Wakati wa kampeni za uchaguzi, ama alika pande zote kwa masharti yaleyale, ama subiri. Sheria za mikutano hutofautiana, hivyo uliza mapema kama inatakiwa taarifa au kibali.

Kuhusu wazungumzaji, mtoa mada mmoja na mchokoza mada mmoja, yaani wa kumjibu na kumhoji, wanatosha. Meza kuu yenye watu watano huishia kupongezana na kula muda wa maswali. Mtoa mada awe mtu aliyefanya kazi na takwimu zenyewe. Mchokoza mada atoke upande unaoguswa na uamuzi: mkulima, dereva, muuguzi, mfanyabiashara mdogo. Apewe andiko la mtoa mada angalau siku tano kabla, la sivyo atakuja kutoa maoni ya jumla, na ukumbi utamwona hajui kitu wakati kosa ni la waandaaji.

Sasa takwimu, ambako ndiko imani ya wasikilizaji hupotea. Keti na mtoa mada wiki moja kabla, mpitie kila namba mkiuliza: ya mwaka gani, kati ya ngapi, na nani aliipima. Namba isiyojibu yote matatu itolewe. Kuna makosa yanayorudi kila mara, nayo ni haya.

Nakisi na deni huchanganywa. Nakisi ni pengo la mwaka mmoja kati ya mapato na matumizi. Deni ni jumla ya mapengo yaliyokopewa miaka yote na bado hayajalipwa. Nakisi inaweza kupungua huku deni likiendelea kukua, na waziri na mpinzani wake wote wakawa wanasema kweli. Deni lenyewe likitajwa kwa asilimia ya pato la taifa peke yake, mwananchi haoni linamgusa vipi. Ongeza kipimo cha pili: kati ya kila 100 ambazo serikali inakusanya, ngapi zinakwenda kulipa deni kabla mwalimu na muuguzi hawajalipwa?

Mfumuko wa bei ukishuka, watu husikia "bei zimeshuka", kisha wanaguna kwa sababu wametoka sokoni. Onyesha hesabu. Kitu kilichouzwa 100 kikipanda kwa asilimia 20 kinakuwa 120; mwaka unaofuata mfumuko ukiwa asilimia 5 tu, kinakuwa 126. Kasi imeshuka, bei imepanda. Vivyo hivyo kodi ikitoka asilimia 16 hadi 18, imeongezeka kwa pointi 2 za asilimia, lakini kodi yenyewe imekua kwa asilimia 12.5. Mtoa mada achague moja na aseme ni ipi.

Takwimu za ajira ndizo huzua ubishi mkali kuliko zote. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki ya utafiti anahesabiwa ameajiriwa, na asiye na kazi ambaye ameacha kutafuta hahesabiwi kuwa hana ajira. Ndiyo maana kiwango cha ukosefu wa ajira kinaweza kuwa kidogo katika nchi yenye vijana wengi wasio na kazi ya maana. Ufafanuzi huu utolewe kabla ya namba. Ukitolewa baada ya zomeazomea, utaonekana ni kujitetea.

Upande wa tabianchi, mafuriko ya wiki iliyopita ni hali ya hewa. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Mtoa mada asidai kwamba tukio moja ni ushahidi tosha, wala asikubali siku moja ya baridi itumike kupinga. Mkataba wa Paris wa 2015 unataja juhudi za kuzuia joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Mwaka 2024, ukipimwa peke yake, ulivuka kiwango hicho kwa vipimo vya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lakini lengo la mkataba husomwa kwa wastani wa muda mrefu. Yote mawili yaelezwe pamoja. Na fedha zikitajwa, uliza ni mkopo au ni msaada usiorudishwa. Nchi tajiri ziliahidi mwaka 2009 kuzitafutia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka za tabianchi ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, ahadi ilitimia 2022, na sehemu kubwa ya fedha za umma zilizohesabiwa ilikuwa mikopo. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mjini Baku, 2024, lengo likapandishwa hadi angalau bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nchi inayobanwa na deni haiwezi kulisikia neno "bilioni" bila kuuliza swali hilo.

Dakika 90 zigawe hivi: ufunguzi 5, mtoa mada 25, mchokoza mada 10, majirani wa viti kuongea wawili wawili 3, maswali 42, kufunga 5. Andiko la dakika 25 ni maneno kama 2,500. Alisome kwa sauti nyumbani akiwa na saa. Mshereheshaji aseme "itifaki imezingatiwa" na kuendelea, kwa sababu salamu za kutaja kila cheo zinaweza kumeza robo saa. Mgeni rasmi akichelewa, anzeni bila yeye, na mumwambie hivyo siku mnapomwalika.

Ukumbini, mtu mmoja akae kiti cha mwisho na kusikiliza majaribio. Kipaza sauti kiwe sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, na spika ziwe mbele ya msemaji; zikiwa nyuma yake, sauti inarudi kwenye kipaza sauti na mlio unaanza. Slaidi moja, namba moja kubwa.

Maswali ndiyo mhadhara wenyewe, kwa hiyo yalindwe. Zile dakika 3 za majirani zina kazi: anayesitasita anajaribu swali lake kwa mtu mmoja kwanza, kisha ananyanyua mkono. Bila hizo, mikono ya kwanza ni ya walewale waliozoea kuongea. Mhudumu ashike kipaza sauti mwenyewe na asikiachie. Kikishakabidhiwa, hotuba inaanza na hakirudi. Mwongozaji atangaze mapema: sekunde 45, swali moja. Sambaza karatasi pia kwa wasiopenda kusimama, na mkalimani wa lugha ya alama akae penye mwanga.

Kukusanya maswali matatu kwa mpigo kunaokoa muda, lakini kunampa mtoa mada nafasi ya kuruka lile gumu. Maswali magumu yajibiwe moja moja. Jibu likiwa "serikali inalifanyia kazi", mwongozaji aulize kwa upole: ofisi ipi, kufikia lini? Mtoa mada asiyejua aseme hajui na ataleta jibu. Hilo halimshushi hadhi hata kidogo.

Maofisa wengine huomba wasirekodiwe. Kanuni ya Chatham House, taasisi ya London ya masuala ya kimataifa, iliyoanza kutumika 1927, inaruhusu kutumia yaliyosemwa bila kumtaja aliyesema, na inafaa vikao vya ndani. Mhadhara ulioitwa wa umma haupaswi kuitumia.

Ndani ya saa 48 toa rekodi, slaidi zenye vyanzo vya kila namba, na maswali yote ambayo hayakufikiwa yakiwa na majibu. Nakala moja iende kwa kamati inayohusika kabla dirisha la maoni halijafungwa, ikiwa na ukurasa mmoja juu yake: swali, majibu mawili yaliyogongana, na ukumbi uliuliza nini zaidi.