Kutundika maonyesho ya pamoja: fomu, vipimo na kuta

Maonyesho ya wasanii 15 katika ukumbi wa mtaa huanza kuharibika siku ya kupokea kazi, si siku ya ufunguzi. Kila msanii ajaze fomu anapoleta kazi: jina lake kama anavyotaka lisomeke, jina la kazi, mwaka, malighafi, kimo kisha upana kwa sentimita, na bei. Isiyouzwa iandikwe haiuzwi. Piga picha mbele na nyuma mwenyewe akiwapo, ili kona iliyokwisha kumeguka ijulikane imekuja hivyo. Fungu la ukumbi liandikwe kwa shilingi, maana "asilimia 30" kila mtu huielewa kivyake: kazi ikiuzwa 400,000, ukumbi unabaki na 120,000, msanii anapata 280,000, na tarehe ya kumlipa itajwe. Mnunuzi akiomba apunguziwe, ni nani atakayebeba punguzo hilo? Hilo nalo litiwe saini.

Dar es Salaam lazima utapokea picha za Tingatinga. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968, mtindo huu umejengwa kwa rangi za mafuta zinazong'aa, awali juu ya hadibodi, siku hizi zaidi juu ya kitambaa. Kwenye unyevu wa pwani rangi hiyo hukauka juu huku ndani bado inanata. Usizilaze picha uso kwa uso, wala usizifunge kwa nailoni yenye mapovu: utaifungua ukute simba amejaa viduara mwili mzima, na viduara hivyo havitoki. Weka karatasi ya kuokea katikati yake, uzisimamishe juu ya vipande vya mbao, zisiguse sakafu. Hadibodi nayo ni nyembamba, skrubu hutokea mbele. Gundisha fremu ya mbao nyuma, iache ikauke hadi kesho yake, ndipo ufunge pete za kushikia waya kwenye mbao, theluthi moja kutoka juu.

Kabla ya kutoboa chochote, egemeza kazi zote chini ukutani, zikae hivyo nusu siku. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mchoro wa penseli ukiwekwa kando ya Tingatinga nyekundu hauonekani tena. Upe ukuta wake, hata kama ni mdogo. Usigawe kuta kwa ukubwa wa majina. Kila msanii apate walau kazi moja mahali ambapo mtu anaweza kurudi nyuma hatua tatu akaitazama.

Mstari wa macho uwe sentimita 150 kutoka sakafuni, na katikati ya kila picha ipite hapo, kubwa kwa ndogo. Kimo cha skrubu ni 150, ongeza nusu ya kimo cha picha, toa umbali wa kutoka ukingo wa juu hadi waya. Picha ya sentimita 80 ambayo waya wake uko 6 chini ya ukingo: 150 + 40 − 6 = 184. Waya uupime ukiwa umeuvuta juu kwa kidole. Ukiupima umelegea, picha itakaa chini ya wenzake. Nafasi za kati ni hesabu nyepesi: ukuta wa sentimita 600, picha tano za 60, zinabaki 300, gawa kwa nafasi sita, kila moja 50. Pimamaji, kifaa cha kuonyesha usawa, iwe mkononi muda wote.

Ukuta wa saruji utobolewe kwa drili, uingizwe fisha, kile kiplastiki kinachoshika skrubu. Msumari wa kugongwa humegua plasta na hulegea. Kuta za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, usizitoboe kabisa; chokaa humong'onyoka. Funga bomba juu, ushushe picha kwa nyaya mbili, kwa sababu waya mmoja huiacha ikizunguka.

Vinyago vya mpingo vikae mbali na kiyoyozi na jua la dirishani: ngozi ya nje ikikauka haraka kuliko kiini, mti hupasuka. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, hivyo stuli iwe na kitako kipana, isitikisike mtoto akiigusa.

Taa zielekezwe kwa nyuzi 30 hivi kutoka wima. Zijaribu usiku, usimame pale mgeni atakaposimama; rangi inayong'aa ikikurudishia taa machoni, isogeze taa.

Lebo zote ziwe saizi moja, upande wa kulia wa picha, na kila msanii aisome yake kabla haijachapwa. Jina lililokosewa huumiza kuliko picha iliyopinda.

Kazi iliyolipiwa hupewa kibandiko chekundu na kubaki ukutani hadi siku ya mwisho. Siku ya kushusha, toa fomu zile zile na picha zile zile, mkague pamoja na msanii, asaini ndipo aondoke nayo.