SOMO: Umejitengenezea spoila? Ipime kabla hujaisifia

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Hapa mjini hakosekani mtu aliyefunga spoila, yaani plastiki ya kuelekeza hewa, chini ya bampa akaapa kwamba gari sasa linakula mafuta kidogo. Muulize kapimaje: "Nilijaza sheli, nikaenda Morogoro nikarudi." Hicho si kipimo. Malori ya mahindi pale Kibaigwa, AC na mguu wako mwenyewe vinatosha kumeza faida ndogo usiione.

Kipimo chepesi ni kuliachia gari liserereke lenyewe na kuhesabu sekunde. Linalokata hewa vizuri huchelewa kupunguza mwendo.

1. Barabara. Iwe tambarare, nyoofu, yenye magari machache. Mimi napenda ya Singida, upande wa Bahi. Mteremko wa asilimia 1 macho hayauoni, lakini kwa gari la kilo 1,100 unasukuma kwa nguvu inayozidi nusu ya ukinzani wa hewa kwenye spidi 80. Kwa hiyo pima kwenda na kurudi, kipande kilekile, alama zilezile.

2. Upepo. Ukinzani hupanda kwa mraba wa spidi. Ukienda 80 dhidi ya upepo wa 20, unaongezeka asilimia 56. Ukirudi nao mgongoni, unapungua asilimia 44 tu. Kwenda na kurudi hakufuti upepo wote, na Dodoma upepo tunao wa kugawa. Toka mara kunapopambazuka.

3. Gari. Jaza matairi upepo yakiwa ya baridi, kisha endesha kama dakika ishirini ili matairi na oili ya gia vipate moto. Vioo juu, abiria yuleyule. Kifaa kifungwe kwa bolti. Gundi pekee hapana. Kikichomoka, cha kwanza kukutana nacho ni bodaboda aliye nyuma yako.

4. Kupima. Hakikisha nyuma hakuna mtu, fika 90, weka nyutro. Abiria arekodi video ya dashibodi, muda wa kutoka 80 hadi 60 mtausoma baadaye. Injini usiizime: breki zitakuwa ngumu na usukani unaweza kujifunga.

5. King'oe. Hapa ndipo wengi wanachemka. Pima bila kifaa, pima nacho, halafu king'oe upime tena. Jua likipanda hewa inakuwa nyepesi na matairi yanazidi kupata moto, kwa hiyo gari litaserereka mbali zaidi hata kama hujafunga kitu. Aliyepima "kabla" saa kumi na mbili na "baada" saa tatu amepima jua. Namba za mwisho zisiporudi karibu na za kwanza, zitupe zote.

6. Nyuzi. Bandika vipande vya uzi wa sufi kwa selotepu kuzunguka kioo cha nyuma na buti, mwenzako apige video akiwa gari jingine. Uzi uliolala umetulia, hewa imeshika bodi. Unaorukaruka na kugeuka mbele, hewa imeachia. Namba hazikupi, ila utajua pa kuhangaika napo.

MASWALI

Mkuu, naweza kuziba grili kwa kadibodi ili gari likate hewa vizuri?
Kadibodi hapana, tumia plastiki ngumu, tena uzibe sehemu tu. Kama gari lako halina geji ya joto bali taa peke yake, achana nayo. Taa huwaka rejeta ikiwa imeshachemka.

Niko Dar kaka, nikipata sekunde chache kuliko zako ina maana kifaa changu kibovu?
Hapana dada. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 10. Linganisha gari lako na lenyewe, hukohuko, asubuhi hiyohiyo.

Nianze na nini, boss?
Kama una keria tupu juu ya paa, anza nayo. Pima ikiwepo, ing'oe, pima tena, irudishe, pima. Tofauti yake ni kubwa, kwa hiyo usipoiona ujue unapima vibaya, na spoila isubiri kwanza.