Vitu vyeupe pembeni ya kiwavi: usipulizie dawa kabla hujavijua

Msimu wa mahindi ukianza natumiwa picha nyingi kwa wasapu, kiwavi amelegea kwenye jani halafu pembeni yake kuna vitu vyeupe kama punje za mchele, na swali ni lile lile, haya mayai niyapulizie dawa gani? Jamani hayo si mayai. Ni vifukofuko vya nyigu mdogo aliyekulia ndani ya huyo kiwavi, akamla polepole mpaka akatoka nje kujisokotea hariri, sasa ukivipondaponda unaua anayekusaidia bure. Kuna mmoja anaitwa Cotesia flavipes, alitolewa Asia akaachiliwa pwani ya Kenya 1993 kupambana na viwavi wanaotoboa bua la mahindi.

Nyigu mwenyewe ana milimita 2 au 3 tu, mweusi, wengi hudhani ni kisubi. Ukimpiga picha weka rula pembeni, piga kwa juu na kwa ubavu, hakikisha mabawa na pembe za kichwani zinaonekana vizuri, maana mtaalamu anaangalia vimishipa vya bawa la mbele na anaangalia kama pembe zimenyooka ama zimekunjika kama kiwiko. Lakini ukweli ni kwamba picha ya simu mara nyingi inafika kwenye kundi tu, jina kamili linataka mdudu mwenyewe chini ya darubini.

Kwa hiyo chukua kiwavi na vifuko vyake, weka kwenye kopo safi lenye tishu kavu, funika na kitambaa chepesi, weka kivulini usubiri watoke. Wakitoka, wachache watie kwenye alkoholi ya asilimia 70, kama watapimwa DNA iwe 95, wengine waachie warudi shambani. Lebo andika kwa penseli, wino unayeyuka kwenye alkoholi: tarehe, kijiji, zao, na kiwavi gani alitokea. Hilo la mwisho usilisahau kabisa, na hicho kiwavi kitunze pia, kwa sababu kuna nyigu wengine wanaokula nyigu wenzao ndani ya kifuko, unaweza kumsifia asiyestahili.

Mpelekee afisa kilimo wa sabukaunti, naye anaweza kufikisha kwa watu wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, kwenye kituo chao cha Namulonge. Ukisubiri majibu, viwavi wanaotembea na kula, waue kwa mkono, wale waliolegea wenye vifuko waache hapo hapo kwenye jani.