Kupima jinsi chumvi inavyopandisha kiwango cha mchemko wa maji

Muhula uliopita nilimsaidia mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekuwa amerudia jaribio hili mara nne, na kila mara maji yake ya chumvi yalichemka kwenye nyuzijoto zilezile za maji matupu. Tulikaa mchana kutwa kabla sijaliona kosa, nalo lilikuwa mbele ya macho yetu. Nimelieleza katika hatua ya nne.

Maji huchemka pale kanieneo (msukumo) ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa. Chumvi ikiyeyuka humo, maji hutoa mvuke kwa shida zaidi, hivyo hulazimika kupata joto zaidi ndipo yachemke.

Hatua ya kwanza. Andaa sufuria ndogo, mizani ya jikoni, jiko la umeme na kipimajoto cha kidijitali kinachosoma sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Vipimajoto vya spiriti nyekundu vilivyogawanywa nyuzi mojamoja sivitumii kabisa kwa kazi hii, kwa sababu tofauti tunayoitafuta ni nyuzi 2 tu.

Hatua ya pili. Chemsha maji matupu, uandike nyuzi zake. Usitarajie 100. Hapa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia, si ile ya kitabuni.

Hatua ya tatu. Pima sufuria tupu, kisha tia gramu 500 za maji mapya na gramu 58 za chumvi, yaani takriban moli moja (moli ni kipimo cha wanakemia cha wingi wa chembe), ukoroge yangali baridi. Chumvi ikimwagwa katika maji yanayotokota, hufura ghafla na kufurika.

Hatua ya nne. Rudisha sufuria jikoni, na ncha ya kipimajoto izame ndani ya maji yenyewe. Mwanafunzi wangu aliining'iniza juu yake, katika mvuke, kama alivyofundishwa katika kukeneka, yaani kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake uwe maji tena, ambako huko ndiko mahali pake. Mvuke unaotoka katika maji ya chumvi hauna chumvi. Ukigusa ncha iliyo baridi kuliko wenyewe hugeuka matone ya maji matupu, na kipimajoto kilichovikwa matone hayo husoma kiwango cha mchemko cha maji matupu, hata kama chini yake kuna chumvi tele. Hata hivyo, kuizamisha peke yake hakutoshi. Isiguse kitako cha sufuria, ambacho kina joto kupita maji. Tia vipande viwili vitatu vya kigae cha chungu kilichovunjika, kwa maana bila hivyo maji yanaweza kupita kiwango chake pasipo kuchemka, kisha yakaruka kwa kishindo. Usingoje namba itulie kabisa, kwani maji yanapungua na chumvi inabaki, hivyo nyuzi zitazidi kupanda taratibu. Mara mchemko unapokolea, soma, epua, kisha upime sufuria papo hapo ili ujue maji yaliyosalia.

Hatua ya tano. Kila moli moja ya chembe katika kilo moja ya maji hupandisha mchemko kwa nyuzi 0.51 hivi. Moli moja ya chumvi katika nusu kilo ni sawa na moli 2 kwa kilo, na kwa kuwa chumvi hugawanyika kuwa ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu na za kloridi, chembe zinakuwa moli 4, yaani nyuzi 2 na ushei. Ikiwa gramu 100 za maji zimekwenda na mvuke, tarajia nyuzi 2.6. Sukari ya uzito uleule isingefikisha hata nyuzi 0.2, kwa sababu molekuli zake ni nzito na hazigawanyiki.

Hesabu hii haifai kwa shira nzito, ambayo sukari yake huyazidi maji. Huko mimi hufuata kipimajoto peke yake: shira ambayo tone lake hufinyangika katika maji baridi huwa imefika nyuzi 112 pwani, na hapa Arusha huiepua kwenye 107.